Ukuta wa Chumba cha Saba

Jumapili ya kwanza ya mwezi kule kuingia ni bure,
kwa hiyo Mwantumu kanitembeza ndani ya simu,
mimi nimekaa Barabara ya Kumi na Moja
juu ya kopo la rangi, magoti yamejaa unga wa mninga,
na bando la shilingi elfu moja.

"Baba, hili ndilo jumba la picha. Zamani waliishi watawa."
Naona ngazi za mawe, zimelika katikati
kama sabuni ya kufulia.
Naona viatu vyake vipya. Naona dari.
Geuza simu, mwanangu.
Akageuza.

Chumba cha kwanza, watakatifu,
macho juu, shingo upande,
kama watu wanaosikiliza maji yakirudi bombani.
Chumba cha pili, malimau na samaki,
kisu kimeachwa ukingoni mwa meza
mahali ambapo mama yake angekisogeza bila kusema neno.
Mwantumu ananieleza habari za mwanga,
jinsi unavyoingia kushoto, jinsi unavyotua.
Nami namwambia: pembe. Nionyeshe pembe.

Maana uso unaweza kudanganya.
Mbao mbili zikikutana vibaya
hata dhahabu haifichi.
Na wale wazee walijua kazi, wallahi:
mkato wa nyuzi arobaini na tano,
hakuna mwanya wa kupitisha wembe,
majani yamechongwa, yamepakwa gundi,
yakavikwa dhahabu nyembamba kama ganda la kitunguu.

Mlinzi, mama mnene mwenye funguo kiunoni,
akamsogelea. Nikasikia Kifaransa chao
kinapita puani kama mtu mwenye mafua.
"Anauliza kwa nini napiga fremu tu."
Mwambie baba yako ni fundi.
Kimya.
Kisha sura ya yule mama ikajaa kioo,
kidole chake kikanionyesha
tundu dogo kwenye ubao, na vumbi chini yake.
Nikacheka peke yangu barabarani:
kumbe na kule mbao hubunguliwa.

Mteja akaegesha baiskeli,
anataka cheti cha mwanawe kiwekewe kioo.
Nikamwinulia mkono: subiri kidogo, niko Ufaransa.

Chumba cha saba hapakuwa na picha.
Palikuwa na misumari miwili
na mstatili wa ukuta mwekundu sana,
ukuta mwingine wote umepauka kwa jua la miaka.
Mwantumu akasoma kikaratasi:
"Imepelekwa kutengenezwa. Mke wa mchoraji.
Hawakuandika itarudi lini."
Akataka kupita.
Simama hapo, nikamwambia.
"Baba, hapa hakuna kitu."
Simama.

Picha ikaganda. Bando limekwisha
au mtandao wa Tanga umechoka,
na mstatili ule ukabaki mkononi mwangu,
mwekundu, pembe nne safi.

Ninao mmoja kama huo nyumbani,
mweupe, juu ya kabati la vyombo.
Mwaka ule wa mvua nyingi bwana mmoja wa Pongwe
alitaka fremu siku hiyohiyo, pesa mkononi,
nikamvua Kibibi ya kwake.
Nikasema kesho.
Tulinunua unga na dawa ya kifua.
Yeye alicheka tu, akaitia picha yake kwenye bahasha ya khaki:
"Usinisahau humu."
Miaka sita sasa bahasha iko chini ya godoro,
na mwenyewe yuko Msambweni, chini ya mchanga.
Fremu za watu wangapi nimeunga tangu siku ile?
Maharusi, mahujaji, waheshimiwa wawili,
mbuzi aliyeshinda kwenye maonyesho ya kilimo.

Nikampa mteja kopo langu akalie.
Nikachukua futi ya chuma, nikapima hewa
kwa kukumbuka tu: kumi na mbili kwa kumi na sita.

Kijana wangu Shebughe akauliza akate mbao ipi.
Ile ya mninga, iliyo juu darini.
"Ile si ya yule bwana wa benki?"

Ilikuwa yake.